Siku Hizi Katulia

Kila Januari shule zinapokaribia kufunguliwa, kibanda cha jirani yangu, fundi cherehani hapa Tandika, Dar es Salaam, hakipitiki. Kina mama wamekaa kwenye benchi na vitambaa mapajani, watoto wamepanga foleni mpaka barazani kwa watu, na yeye futi kamba inaning'inia shingoni. Anapima mabega, kifua, kiuno, anataja namba kwa sauti na kijana wake anaandika kwenye daftari. Akifika kwenye urefu wa suruali anainua macho kumtazama mama mtu, anauliza: "Niache ya kukulia?" Mama anajibu acha, tena acha nyingi, huyu simwelewi anavyorefuka. Basi fundi anakunja pindo la inchi tatu kwa ndani, analishikiza kwa mishono mikubwa ambayo mwakani itafumuliwa bila kuharibu kitambaa.

Ana miaka 47. Ana kipara kinachoanzia kati, ana kovu juu ya sikio la kushoto ambalo wateja wapya hawaliulizi. Wapangaji waliohamia mtaani miaka ya karibuni wanamwita fundi, basi. Wenyeji wa zamani wakimzungumzia huongeza maneno mawili matatu, na wakiyasema huteremsha sauti kidogo: "Yule? Siku hizi katulia."

Nimelifikiria sana neno hilo. Maji yaliyochafuka hutulia, tope likashuka chini. Bahari hutulia. Mtoto mwenye homa hutulia alfajiri, mama yake akapata usingizi. Kuacha uhalifu ni maneno ya polisi na ya magazetini. Sisi mtaani tunasema katulia, na tukisema hivyo tumekubali kwamba kuna kitu kilikuwa kinachemka ndani ya mtu, sasa hakichemki, na hata mwenyewe hawezi kukutajia siku kilipoacha. Wasomi wa vyuoni wana karibu miaka 200 wakilichunguza jambo hilohilo. Nimesoma mengi waliyoandika, kwa kuazima na kwa kununua, usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Nayasoma kwa sababu yupo mtu mmoja ambaye hakupata muda wa kutulia.

Mwaka 1996 tulikuwa sita kijiweni, chini ya mkungu nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyetuvumilia. Mimi nilikuwa na miaka 17, fundi alikuwa na 18, mdogo wetu wa mwisho alikuwa na 15. Wawili tulikuwa bado shuleni. Wanne walikuwa wameishia darasa la saba, wanasubiri kitu ambacho hakuna aliyejua jina lake. Mwanzoni tulikaa tu. Tulicheza drafti kwa vizibo vya soda, tukabishana Simba na Yanga, sigara moja tukaivuta sita. Kisha siku moja mwenzetu mmoja akaja na saitimira ya gari ndani ya shati, akaenda kuiuza mjini, akarudi na chipsi za watu sita.

Sijawahi kuliandika hili popote: na mimi niliiba. Saitimira tatu. Suruali ya jinzi niliyoianua kwenye kamba ya watu usiku. Taa za pembeni za Peugeot moja iliyokuwa imeegeshwa msibani. Hiyo ya msibani hunirudia mpaka leo. Watu wako ndani wanalia, na sisi tumechuchumaa gizani na bisibisi. Sikuwa na njaa. Baba alikuwa na kibarua cha uhakika bandarini, nyumbani tulikula asubuhi, mchana na jioni. Niliiba kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama, na kwa sababu moyo ulidunda kwa namna ambayo hakuna kitu kingine katika maisha yangu ya wakati ule kiliweza kuudundisha.

Na sikuiba hata mara moja nikiwa peke yangu. Nimewauliza wenzangu, kila mmoja kwa wakati wake, wote wananiambia hivyohivyo. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Philadelphia, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walitoa matokeo ya jaribio lililonikumbusha ule mkungu. Waliwaketisha watu mbele ya mchezo wa gari kwenye kompyuta: taa ya njano inawaka, uamue kusimama au kuendelea, na ukiendelea unaweza kugongwa. Wachezaji walikuwa wa rika tatu, wa miaka 13 hadi 16, wa miaka 18 hadi 22, na watu wazima wa kuanzia miaka 24. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao pembeni wanaotazama. Kutazamwa kuliwafanya wadogo wajitose mara nyingi zaidi, wale wa kati nao kwa kiasi fulani. Watu wazima hakukuwatikisa.

Maelezo ya kitabibu siku hizi yanajulikana. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayopima matokeo na kumzuia mtu, huchelewa kukomaa. Huendelea kujijenga mpaka miaka ya ishirini na kitu. Ile inayoitika sifa, raha na hatari huamka mapema, balehe inapoingia tu. Kati ya hapo ipo miaka kadhaa ambayo mtu ana mwili wa mtu mzima na anaweza kufanya kitu cha kumponza maisha yake yote kwa sababu watu watano wamesema hawezi.

Agosti 1997, siku ya Jumapili, mwenzetu mmoja alikimbizwa kutoka upande wa sokoni akiwa na redio kaseti ya mtu. Alikuwa na miaka 18. Mimi nilikuwa nyumbani nafua sare. Nilisikia "Mwizi! Mwizi!" ikija, ikipita, ikienda mbali, kama tulivyozoea kuisikia, nikaendelea kufua. Nilipokuja kuambiwa ni nani, nilifika nikakuta moshi na harufu ya mpira, na watu wanarudi makwao wanazungumza habari nyingine. Kiatu chake kimoja kilikuwa mtaroni. Raba nyeupe, ambayo tulikuwa tunaazimana tukienda disko. Hata mimi nilikuwa nimeivaa wiki mbili nyuma. Niliiacha palepale, sikuwa na ujasiri wa kuonekana naiokota. Siku ya pili gazeti liliandika mistari minne: kijana ambaye jina lake halikufahamika ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Jina lake mtaa mzima tulikuwa tunalijua. Waliomzunguka walikuwa wanalijua.

Fundi alikuwa naye siku ile. Alikimbilia upande mwingine. Kovu la sikioni ni la jiwe la siku hiyo.

Sasa niwarudie wasomi. Wa kwanza ni Adolphe Quetelet, mtu wa Brussels aliyesomea nyota na hesabu. Mwaka 1831 alichapisha utafiti kuhusu mwelekeo wa binadamu kutenda jinai katika umri mbalimbali. Alichukua kumbukumbu za mahakama za Ufaransa za miaka ya 1820, akawapanga washtakiwa kwa umri wao, akauona mstari ukipanda kwa kasi ujanani, unafika kileleni karibu na miaka 25, kisha unashuka na kuendelea kushuka hadi uzeeni. Tangu hapo mstari huo umechorwa upya katika nchi nyingi. Mara nyingi kilele kimekutwa mapema zaidi, kuanzia mwisho wa miaka ya kumi na kitu hadi mwanzo wa ishirini na kitu. Wizi mdogo na uharibifu wa mali hutangulia kufika huko na kutangulia kushuka, kupigana na kujeruhi hufuata. Wasichana ni wachache kuliko wavulana, ila nao wana mlima wao.

Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Travis Hirschi na Michael Gottfredson, walikwenda mbali wakasema umbo la mstari huo ni lilelile kila mahali na kila zama, kwamba umri wenyewe ndio unaofanya kazi. Hapo mimi siwafuati. Darrell Steffensmeier na wenzake walichunguza Taiwan, wakaeleza mwaka 2017 kwamba kule mstari haupandi ghafla ujanani kama Marekani; kilele kinakuja kwa watu wazima, baadhi ya makosa mpaka miaka ya thelathini na kitu. Kwa hiyo damu kuchemka ni kweli, lakini jinsi watu wazima wanavyowashika vijana wao, wanavyowapa shughuli na kuwaweka karibu, nako kuna uzito wake. Kijiwe chetu kilikuwa na vijana sita, na ndani ya miaka miwili hakuna mtu mzima aliyekuja kukaa pale hata saa moja.

Lakini habari ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko zote ni ya Boston. Sheldon Glueck na mkewe Eleanor walikuwa Harvard. Kuanzia mwaka 1940 waliwachukua wavulana 500 waliokuwa kwenye shule za maadilisho za jimbo la Massachusetts, na wengine 500 wa mitaa maskini ya Boston ambao hawakuwa na kesi. Waliwahoji wao, wazazi wao, walimu na majirani, wakawarudia walipokuwa na miaka 25, wakawarudia tena kwenye 32. Kitabu chao kikubwa kilitoka mwaka 1950. Kisha wawili hao wakazeeka, wakafariki, na makaratasi yote yale yakabaki kwenye maboksi katika chumba cha chini cha maktaba ya sheria ya Harvard. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti aitwaye John Laub aliyakuta huko. Yeye na Robert Sampson walitumia miaka kuyapanga upya kwa kompyuta, wakaandika kitabu mwaka 1993. Halafu wakafanya jambo ambalo kila nikilifikiria nasimama: wakaenda kuwatafuta wale wavulana.

Walikuwa wameshakuwa wazee. Laub na Sampson waliwapata 52 na kukaa nao uso kwa uso, wakubwa wao wakiwa wanafikia miaka 70, na wakachapisha waliyoyasikia mwaka 2003. Hawa ni watoto walioiba magari, waliovunja maduka, waliowapiga watu, ambao kwenye faili zao za miaka ya 1940 wakubwa walikuwa wameandika kwamba huyu hana mwelekeo. Na wengi wao walikuwa wametulia. Wengine kwenye 20 na kitu, wengine 30, wengine walichelewa mpaka 50, lakini mstari ulishuka kwa wote, hata kwa wale walioanza wadogo kuliko wenzao na kutoka kwenye nyumba mbaya kuliko zote. Watafiti walijaribu kuchukua faili la mtoto na kubashiri nani angeendelea na nani angeacha. Walishindwa.

Kilichowatuliza kilikuwa vitu vya kawaida mno. Kazi isiyokatika. Jeshi, kwa waliolipitia. Kuhama mtaa. Mke. Nao hawakusimulia kwamba walioa wakapata hekima. Walisimulia kwamba mke alitaka kujua wako wapi saa mbili usiku. Asubuhi kazi, jioni nyumbani, Jumapili kwa wakwe, na marafiki wa zamani wakikosa pa kuingilia. Wengi hawakumbuki kuamua. Waligeuka nyuma siku moja wakakuta wameshatoka.

Miaka mitatu iliyopita, siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi, nilimkuta fundi anapuliza pasi ya mkaa. Nikamwuliza swali ambalo kwa miaka yote hatukuwahi kuulizana. Wewe uliachaje?

Alipuliza kwanza mkaa ukashika. "Nilichoka kukimbia," akasema.

Nikanyamaza. Akaendelea. Alikuwa amekaa mahabusu miezi minane, kisha kifungo cha mwaka mmoja, akarudi mtaani mwaka 2004 akiwa na miaka 26. Alirudi kazini, ndivyo alivyoita. Siku moja wanakimbia uchochoroni na wenzake wapya, goti likamuuma, akasimama ukutani kuvuta pumzi, akawaangalia wanavyopotea kwenye kona. "Nikaona ninaokimbia nao ni watoto. Kumi na sita, kumi na saba. Mimi nina ndevu. Nikaona aibu, ndugu yangu, aibu ya kweli."

Mjomba wake alikuwa na cherehani ya miguu kwenye baraza, akamruhusu awe anashona vifungo na kupinda kanga. Wiki nzima hakuja mtu. Nani amwachie mwizi kanga? Aliyekuja wa kwanza ni bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye sisi kijiweni tulikula kuku wake wawili kwa nyakati tofauti, na alijua. Alileta doti moja mpya kabisa, akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Mwanangu, kesho nitaipitia." Akaondoka. "Hakugeuka nyuma," fundi aliniambia. "Ningeweza kuiuza ile doti jioni ileile. Niliipinda, nikaikunja, nikalala nayo ndani mpaka asubuhi isije ikaibiwa." Mpaka bibi yule anafariki, fundi hakumtoza senti.

Mtafiti Shadd Maruna alikwenda Liverpool kuwasikiliza watu waliokuwa wameacha na wale waliokuwa bado wanaendelea, akaandika kitabu chake mwaka 2001. Alikuta walioacha wana namna yao ya kujisimulia: ndani yangu nilikuwa mtu mwema tangu mwanzo, mambo yalinipotosha, kisha akatokea mtu akaniamini wakati mwenyewe sijiamini. Nilipofika kwenye ukurasa huo niliona ile doti ya kanga juu ya cherehani.

Wengine? Mmoja yuko Kilwa, anavua, ana wake wawili na wajukuu. Mmoja ni dereva wa lori la mizigo, anakwenda Tunduma na kurudi. Mimi mwenyewe sikutubu popote. Mwanzoni mwa 1998 baba alinipeleka Songea kwa shangazi kwa sababu ya hofu baada ya ule moto, na Songea sikuwa na kijiwe, nilikuwa na shamba la mahindi na shangazi mkali. Nikamaliza shule, nikasomea ualimu. Leo wazazi wananiamkia kwa heshima. Kati yangu na yule wa redio kaseti hakuna tofauti ya tabia ninayoweza kuitaja. Tofauti ni nauli ya basi la Songea.

Yule mdogo wetu wa mwisho hakutulia, na ningekuwa mwongo nisingemtaja. Unga ulimkamata akiwa na miaka 20, na unga humwongezea mtu miaka ya wizi kwa sababu kila asubuhi unamdai. Ametoka na kuingia gerezani mpaka nimeacha kuhesabu. Terrie Moffitt, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na utafiti wa Dunedin kule New Zealand unaofuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, aliandika mwaka 1993 kwamba wahalifu vijana ni makundi mawili: wengi ambao kosa lao ni la ujana na huisha na ujana, na wachache wanaoanza wadogo sana na kuendelea. Uchunguzi wa London kusini, uliowafuata wavulana 411 tangu mwaka 1961 chini ya Donald West na baadaye David Farrington, ulikuta takriban wanne katika kila kumi walishatiwa hatiani angalau mara moja kufikia miaka 50, lakini nusu ya makosa yote ilikuwa ya watu wachache, saba tu katika kila mia. Kwa hiyo wapo. Ila Laub na Sampson wanasema huwezi kuwachagua wakiwa watoto, na hata hao mstari wao hushuka, na mimi nasimama nao. Mdogo wetu huyo sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, kila asubuhi, huduma ambayo hapa kwetu ilianzia hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Ana miaka 45. Mwezi uliopita alikuja kwangu kuazima elfu tano, akairudisha.

Najua kuna msomaji anayesema mimi nawatetea wezi kwa sababu sijaguswa. Mwaka 2011 vijana wawili wa pikipiki walimkwapua mke wangu mkoba. Kamba haikukatika, akaburutwa kwenye lami hatua kadhaa, bega likateguka; mpaka leo hawezi kunyanyua ndoo kwa mkono ule. Nilipomkuta hospitali nilitaka wale vijana wafe. Nilitaka hivyo mimi, niliyeiona ile raba mtaroni. Ilinichukua wiki kuacha kutaka. Kwa hiyo nikisimama hapa namfahamu vizuri mtu aliyeshika tairi.

Ninachokidai ni kwamba tunawapiga pale pale wanapokaribia kubadilika, na kwa adhabu ambazo hazirudi nyuma. Chukua sheria. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha gerezani. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya. Akivuka 18 kwa wiki moja, na kosa likawa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu kinataka kifungo kisichopungua miaka 30. Kijana wa miaka 19 anaandikiwa mpaka miaka 49. Miaka kama kumi ya mwanzo nakubali inatulinda. Ile inayobaki tunamlisha na kumlinda mtu ambaye kwa hesabu ya karibu kila mahali palipohesabiwa angekuwa ameshachoka kukimbia, na tunamrudisha mtaani mzee asiye na fundi wala mjomba wala bibi wa kumwachia kanga.

Na hao ni wale wanaofika mahakamani. Januari 2015 hofu ya Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, ilipoingia Dar es Salaam, maduka yalifungwa jioni moja na watu wakakimbia ovyo mji mzima. Mwaka 2022 jina hilo likarudi. Mara zote mbili nilisikia kwenye daladala, saluni, hata chumba cha walimu: hao ni kuwamaliza. Watoto wa miaka 15, 17, 20. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu waliouawa na makundi ya watu hapa nchini kwa mamia kwa mwaka. Upo wizi mwingine ambao hauishi na ujana, wizi wa kalamu, unaosubiri mtu apate cheo, ofisi na sahihi. Zilipochotwa zile shilingi bilioni 133 za akaunti ya EPA, akaunti ya madeni ya nje, ndani ya Benki Kuu mwaka 2005, kazi ile haikufanywa na watoto wa kijiweni. Hakuna aliyewaza kuwachomea tairi waliohusika, na sitaki wachomewe. Nataka mwenye redio kaseti naye asichomwe.

Desemba iliyopita, mchana, kulikuwa na kelele tena. Mvulana wa miaka 15 alikuwa amekwapua simu ya dada anayeuza vocha. Nilikuwa kwa fundi, nakagua suruali ya mwanangu. Mvulana alipita mbele yetu mbio na watu nyuma yake, akajikwaa kwenye bomba la maji. Fundi hakusema neno. Alitoka na futi kamba yake shingoni, akamwinua kwa ukosi wa shati, akamsukuma ndani ya kibanda, mimi nikaingia nyuma yao, akateremsha komeo. Wakaja wakaupiga mlango. Mtu akasema leta mafuta. Fundi aliuegemea mlango kwa mgongo, akampigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akapiga polisi, kisha akawaambia walioko nje kwa sauti ileile anayotajia vipimo: "Simu hii hapa dirishani, mwenyewe aje achukue. Humu ndani kuna sare za watoto wenu hamsini na tatu. Chomeni."

Dakika arobaini. Mvulana alikuwa chini ya meza ya kukatia, amejikunyata kwenye vipande vya vitambaa, amejikojolea. Fundi alimtupia kaptura ya shule kutoka kwenye lundo, bila kumtazama, abadili kabla polisi hawajafika.

Bado anaiba, wanasema. Ametimiza 16. Nimemwona juzi na wenzake wanne kwenye kona ya bucha, akanikwepa macho. Fundi ameshamwambia mara mbili aje kushona vifungo, hajaja. Nilimwuliza fundi kama hajutii, maana tangu siku ile kuna wateja wawili watatu wamehamia kwa fundi mwingine. Alikuwa anafumua pindo la suruali ya mtoto aliyerefuka, anavuta uzi polepole ili usiache alama.

"Marehemu angekuwa na arobaini na saba kama mimi," akasema. Akavuta uzi wote, akakung'uta suruali, akaipima kwa macho. "Tena yule alivyokuwa anapenda kula, sasa hivi angekuwa na kitambi."